Nani Alikuomba Uniletee libc?

Wasee, leo sina mzaha mwingi. Nimekasirika, na nimekasirikia watu ninaowapenda: wale wanaotengeneza programu za Linux na kuzigawa bure. Wengine wenu mnanisoma hapa. Mtanisamehe baadaye, kwanza nisikizeni.

Juzi nimeshusha programu ndogo ya kukata sauti. Programu yenyewe, ile inayofanya kazi, ni MB 4. Zipu niliyoshusha ilikuwa MB 210. Nikaifungua nione hizo MB 206 zingine ni za kina nani. Ndani nikapata libc, libm, libpthread, libGL, libX11, libssl, na jeshi lingine zima. Yaani msee alichukua nusu ya Ubuntu yake, akaikunja, akaitia kwa zipu, akanitumia. Na baada ya hayo yote, manze, ikakataa kufunguka.

Mimi naita hii tabia kubeba nyumba mgongoni kama konokono. Msimamo wangu niuweke mapema usije ukasema nilikuzungusha: programu ikienda kwa distro nyingi, beba maktaba zako za kipekee, lakini maktaba za mfumo ziachie mfumo. Na ile maktaba umeamua kubeba, huyo ni mtoto wako. Mlee.

Kwa wale hawajui maktaba ni nini

Programu haiandikwi yote kutoka sufuri. Kuna kazi ambazo karibu kila programu inahitaji: kufungua faili, kuongea na intaneti kwa siri, kusoma picha, kuchora kwa skrini. Hizo kazi watu waliziandika kitambo, zikawekwa kwa maktaba, na programu nyingi kwa mashine moja zinatumia nakala hiyo hiyo moja. Mama yao wote anaitwa glibc, ile ya mradi wa GNU. Faili yake ni libc.so.6. Kwa Debian, Ubuntu, Mint au Fedora, karibu kila kitu kinapitia hapo kikitaka kubonga na kerneli. Alpine iko na yake tofauti, inaitwa musl, ndo maana programu ya Ubuntu ikifika Alpine inabaki inaangalia ukuta.

Fikiria ploti yenye tanki moja la maji juu ya paa. Wapangaji wote wanafungua mfereji, maji ni yale yale. Tanki likiingia uchafu, mwenye ploti analiosha mara moja na keja zote zinapata maji safi siku hiyo hiyo. Hiyo ndo maktaba ya pamoja.

Sasa kuja mpangaji mmoja ambaye haamini tanki. Anaingia na mitungi yake 20 na kuipanga chini ya kitanda. Sawa, uhuru wake. Lakini siku daktari wa kaunti atasema yale maji ya mwezi jana yalikuwa na kipindupindu, mwenye ploti ataosha tanki, na hakuna mtu atajua mitungi ya huyo jamaa ina nini. Mara nyingi hata yeye mwenyewe hajui.

Shida wanayojaribu kutatua ni ya kweli

Sitawadanganya kwamba hawa watu ni wazembe tu. Kuna sababu.

Kila distro iko na umri wake. Debian 11 ilikuja na glibc 2.31. Ubuntu 22.04 iko na 2.35. Debian 12 iko na 2.36. Ubuntu 24.04 iko na 2.39. Na glibc iko na heshima ya upande mmoja: programu uliyoijenga juu ya toleo la zamani itafanya kazi kwa toleo jipya, lakini uliyoijenga juu ya jipya haitakubaliwa na la zamani. Inakuambia GLIBC ya namba fulani haikupatikana, kisha inalala.

Hata Linus Torvalds mwenyewe, yule aliyeanzisha kerneli ya Linux, alisimama mbele ya watu wa Debian mwaka 2014 huko Portland akalia kuhusu hili jambo. Alikuwa na programu yake ya wapiga mbizi, Subsurface. Alisema kutengeneza nakala za Windows na Mac kulikuwa rahisi kwao, lakini za Linux ilikuwa maumivu, kwa sababu kila distro inataka yake. Kama mwenye Linux analia, wewe na mimi ni akina nani tusilie?

Kwa hivyo naelewa jaribu. Uko na programu, hutaki kujenga mara kumi, unasema: ngoja nibebe kila kitu, ifanye kazi popote. Naelewa kwa sababu na mimi nilifanya hivyo, na kuna mtu nilimuumiza.

Mimi pia nilikuwa konokono

Mwaka 2023 nilikuwa nimeachana na chuo. Mwaka wa pili, karo imegoma, na mimi mwenyewe sikuwa na moyo tena. Nilikuwa nashinda keja nikiandika programu moja ya kuweka manukuu ya Kiswahili kwa video. Nilikuwa najivunia hiyo kitu ile mbaya. Kwa Ubuntu yangu 22.04 ilikuwa inapepea.

Kuna dada mmoja wa Nakuru tuliyejuana huku mtandaoni. Yeye alikuwa analipwa kwa kila video anayowekea manukuu, na laptopu yake ni zile za ex-UK, RAM GB 4, Mint 20 ndani. Alikuwa na kazi ya 6,000, inatakiwa jioni ya siku hiyo. Nikamwambia, dadangu usisumbuke, nina dawa.

Nikamtumia. Ikamwambia GLIBC_2.34 haikupatikana. Mint 20 imejengwa juu ya Ubuntu 20.04, na hiyo iko na 2.31. Mimi hata sikuwa nimetumia kitu chochote cha kisasa kwa msimbo wangu. Kumbe toleo 2.34 liligusa hadi ule mlango ambao programu inaanzia, kwa hivyo programu ya kawaida ukiijenga juu yake inaomba angalau 2.34, hata kama kazi yake ni kusema "habari" na kufunga.

Nikazunguka mtandaoni, nikapata ushauri wa mtu fulani: piga amri ya ldd, itakuonyesha maktaba zote, nakili zote kwa folda moja, kisha weka LD_LIBRARY_PATH ielekee hapo. Nikaona huyu ni malaika. Programu ikapanda kutoka MB 3 hadi MB 180. Dada akanunua bando nyingine, akashusha, akafungua.

Ikakufa. Na haikufa peke yake. Ile skripti yangu ya kuanzisha ilikuwa inaita amri ndogo za kawaida za mfumo, na kila amri iliyoitwa baada ya ule mstari wa LD_LIBRARY_PATH ilianguka papo hapo. Dada akaniuliza kama nimemtumia virusi.

Nilikuja kuelewa baadaye. libc haitembei peke yake. Iko na pacha, kipakizi kinachoitwa ld-linux-x86-64.so.2, na anwani ya huyo pacha imechongwa ndani ya programu yenyewe: iko kwa /lib64 ya mashine, si kwa folda yako. Mimi nilileta libc ya 2.35, lakini pacha aliyeamka alikuwa wa mashine yake, wa 2.31. Hao wawili wanaongea kwa siri zao za ndani ambazo zinabadilika toleo kwa toleo. Nilichukua nusu ya ndoa nikaioza na mtu mwingine. Ingewezekanaje?

Saa kumi na mbili ikapita. Kazi ikaenda, na yule mteja hakurudi. Dada hakunitukana. Aliandika tu: "Sawa, acha nirudi Windows." Angenitukana ningelala vizuri.

Nikajenga upya kwa mashine ya rafiki yenye 20.04. libc nikaitoa, lakini zile maktaba zingine nikazibakisha, na LD_LIBRARY_PATH pia. Nikajiona nimepona. Wiki moja baadaye jamaa wa Mombasa mwenye Fedora akaniambia: programu inafungua, lakini akibonyeza kitufe cha Msaada, kivinjari kinakataa kuja. Unajua kwa nini? Programu ikiita kivinjari, kivinjari kinarithi LD_LIBRARY_PATH yangu. Kinaanza kula maktaba zangu za zamani badala ya zile za nyumbani kwake. Yaani niliharibu hadi programu za watu wengine ambazo hazinihusu.

Fundi hajileti na mita yake

Sasa tuongee kwa nini maktaba za mfumo ni tofauti na zingine.

Fundi wa stima akija kwako anaweza kuja na swichi zake, waya zake, balbu zake. Poa. Lakini hawezi kuja na mita yake, aking'oe ile ya ukutani, aseme yangu nimeizoea. Mita imeunganishwa na nguzo ya nje. Inajulikana huko. Haiwezi kubadilishwa kutoka upande wako.

libc na pacha wake ni mita. libGL na draiva za picha ni mita. Draiva ya NVIDIA iko na nusu mbili: moja imekaa na kerneli, nyingine ni maktaba za upande wa programu, na hizo mbili lazima ziwe toleo moja kabisa. Wewe ukinibebea nusu yako kutoka kwa mashine yako, unategemea nini?

Kama unadhani haya ni makosa ya watoto wa keja kama mimi tu, angalia Steam ya Valve. Mwaka 2013 ilipokuja Linux ilikuwa na furushi lake la maktaba, zilizotolewa kwa Ubuntu 12.04. Wazo lilikuwa zuri: wenye gemu wajenge juu ya msingi mmoja. Miaka ikasonga. Draiva za Mesa kwa mashine za watu zikawa mpya, zinahitaji libstdc++ mpya. Lakini Steam ikiamka inakuta kwanza ile libstdc++ ya zamani iliyo kwa furushi lake. Draiva inaomba kitu ambacho hakipo, inagoma, na Steam haifunguki. Kwa miaka kadhaa ushauri wa kawaida kwa wachezaji ulikuwa: ingia kwa folda ya Steam, futa libstdc++ kwa mkono. Yaani watu walikuwa wanatoa mzigo ambao kampuni iliwabebea kwa hisani.

Valve walijifunza. Walianza kulinganisha na kuchukua iliyo mpya kati ya yao na ya mashine. Baadaye wakaenda kwa kontena. Na hata ndani ya hizo kontena, draiva za picha zinachukuliwa kutoka kwa mashine ya mwenyewe. Kampuni yenye doo zote hizo imekubali kwamba mita ni ya mwenye nyumba. Wewe na zipu yako ni nani?

Halafu kuna libssl, ile ya kuongea kwa siri. Ukiibeba kutoka Debian ukaipeleka Fedora, inaanza kutafuta vyeti vya usalama kwa njia iliyojengewa, na Fedora huviweka kwingine. Matokeo yake programu inasema haiamini tovuti yoyote duniani. Na nimeona "suluhisho" la developa mwingine: kuzima ukaguzi wa vyeti kabisa. Huyo sasa ametoa mlango wa nyumba kwa sababu ufunguo uligoma kuingia.

Mitungi chini ya kitanda

Hii ndo sehemu inanikasirisha zaidi, kwa sababu hapa si suala la kufunguka au kutofunguka. Ni la mtu kuibiwa.

Mwaka 2002 zlib, maktaba ya kubana data, ilipatikana na kasoro ya usalama. Ilirekebishwa kwa toleo 1.1.4. Kwa programu zilizokuwa zinatumia zlib ya mfumo, kazi ilikuwa apdeti moja. Lakini zlib ni ndogo na nzuri, kwa hivyo miradi kibao ilikuwa imeinakili ndani ya matumbo yao. Ikabidi watu waanze kupasua programu moja moja kutafuta nani amemeza nini.

Ungedhani tulijifunza. Septemba 2023 ikaja libwebp, ile inayofungua picha za WebP. Picha moja iliyotengenezwa kwa ujanja ingeweza kumpa mshambuliaji njia ya kuingia, na tayari ilikuwa inatumika kushambulia watu. Distro zikatoa libwebp mpya, zikamaliza kwa upande wao. Lakini programu nyingi za mezani sai zimejengwa kwa Electron, ambayo ndani yake kuna kivinjari kizima, ambacho ndani yake kuna libwebp. Kila moja ya hizo ilibidi itoe toleo lake jipya. Ile ambayo mwenyewe ameenda kuomoka kwingine na hajagusa mradi tangu 2021, hiyo iko vile vile hadi leo, kwa laptopu ya mtu, ikifungua picha.

Apdeti ya mfumo haimfikii mtu aliyefungwa ndani ya zipu yako. Unaposema "nimebeba kila kitu", umeapa pia kwamba utasoma taarifa za usalama za kila hicho kitu, kila wiki, miaka yote ambayo programu yako itatumika. Je, umeapa? Au ulinakili tu ile folda ukaenda kulala?

Najua mtasema nini

Mtasema diski ni bei rahisi. Rahisi kwa nani? Mimi naongea na watu wanaonunua bando ya siku, wanaowasha data, wanashusha, wanazima. Watu wanaoenda saiba na flashi. MB 210 kwa programu ya MB 4 ni pesa inatoka kwa mfuko wa mtu ambaye hukumuuliza.

Mtasema distro nazo zinavunja vitu bila huruma. Kweli. Ubuntu 22.04 ilihamia OpenSSL 3 na kuiacha 1.1. Programu zilizokuwa zinaomba libssl.so.1.1 zikaanguka, na watu wakaanza kuokota paketi za zamani mtandaoni na kuzilazimisha kwa mashine zao. Hiyo ilikuwa vibaya na nitawaambia watu wa distro hivyo hivyo. Lakini waliozika 1.1 ndani ya zipu walijibu nini? Msaada wa kawaida wa 1.1.1 uliisha Septemba 2023, na zipu zao nyingi hazijaguswa. Kosa la mwenye ploti si ruhusa ya wewe kuweka maji ya mwaka juzi.

Mtasema xz. Haya, tuseme xz. Machi 2024 iligundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yametiwa mlango wa siri, na mlango huo ulilenga huduma ya SSH kwa distro ambazo sshd yao inagusa liblzma. Tanki lilitiwa sumu kweli. Andres Freund, mhandisi aliyekuwa Microsoft, aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia hadi akaikamata. Ni kweli, tanki moja likiwekwa sumu wote wako hatarini. Lakini angalia kilichofuata: distro zilirudisha toleo la nyuma haraka, kwa sehemu moja, na kwa kuwa zinapitisha vitu vipya polepole, sumu ilikuwa imefika tu kwa matoleo ya majaribio na yale yanayokimbia mbele. Sasa fikiria hiyo liblzma ikiwa imezikwa ndani ya zipu elfu moja ambazo hakuna mtu ana orodha yake. Nani angeosha?

Mtasema Flatpak, Snap, AppImage. Flatpak naiheshimu. Wao walielewa somo: programu haibebi msingi wake, inataja msingi wa pamoja, na huo msingi una watu wanaoutunza na kuupa apdeti. Ni tanki la pili kwa ploti, lakini ni tanki, si mitungi. Gharama yake ni kwamba programu ya kwanza inakushushia msingi wa mamia ya MB. Hiyo ni bando pia, na tusiifiche.

AppImage nayo ni faili moja, unabofya, inaenda. Wenyewe wana orodha rasmi ya maktaba ambazo wanakuomba usibebe, na libc iko hapo, libGL iko hapo. Hao hao wenye kubeba wanakuambia kuna vitu havibebwi! Na kichekesho: AppImage nyingi zinahitaji libfuse2, na Ubuntu 22.04 ilikuja bila hiyo. Ile inayobeba kila kitu ikakwama kwa kukosa kitu kimoja cha mfumo. Hakuna anayetoroka mwenye nyumba.

Na wewe mzee wa "chukua msimbo ujenge mwenyewe", sijakusahau. Yule dada wa Nakuru alikuwa na masaa matatu na kazi ya 6,000. Alihitaji kuchapa kazi, si kusomea ufundi. Jibu lako lina kiburi kuliko zipu yangu.

Basi tufanye nini

Sipendi msee anayelalamika halafu anahepa. Haya ndo ninayofanya sai.

Kwanza, jenga juu ya distro ya zamani zaidi unayotaka kuhudumia. Huhitaji mashine ya pili, kontena ya Debian 11 inatosha. Kwa kuwa glibc inaheshimu wazee, ukijenga juu ya 2.31 utaenda mbele hadi 2.39 bila kelele. Watu wa Python wameishi hivi kwa miaka: mpango wao wa manylinux2014 unasimama juu ya CentOS 7, glibc 2.17, na paketi moja inatembea karibu distro zote zinazotumia glibc.

Pili, usibebe mita. libc, pacha wake wa kupakia, libm, libpthread, libdl, libGL, libX11: acha. Hii si orodha kamili, ile ya AppImage iko wazi, isome.

Tatu, libstdc++ kama inakusumbua, iunganishe ndani ya programu yako kwa `-static-libstdc++`. Leseni yake inaruhusu, na haitazuia draiva ya mtu kuona ya kwake.

Nne, zile chache unazobeba, ziweke kando ya programu na uelekeze kwa `$ORIGIN` ndani ya faili yenyewe. LD_LIBRARY_PATH usiiguse. Watoto wako wasirithi madeni yako.

Tano, andika orodha. Fedora inaruhusu kubeba, lakini inakudai utangaze ndani ya paketi umebeba nini. Debian kwa sera yao hawapendi nakala za kubebwa kabisa. Fanya kama Fedora angalau: faili moja, jina la maktaba na toleo lake. Siku kasoro itatangazwa utajua kwa dakika moja kama inakuhusu.

Na sita, kama huwezi kuilea maktaba, usiizae. Omba ile ya mfumo, na ikikosekana sema kwa lugha ya binadamu nini kinakosekana na kinapatikana vipi.

Kwa nini sai

Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa za juzi, na laptopu nyingi za ex-UK zilizo mikononi mwetu hazifiki hapo. Zina nguvu ya kuandika, kukata video, kusoma msimbo, kutafuta doo. Linux ndo nyumba iliyobaki wazi kwa hizo mashine. Kuna vijana watafungua Linux mwaka huu kwa mara ya kwanza, na programu ya kwanza watakayoshusha inaweza kuwa yako. Ikiwalia bando yote halafu ianguke, hawatasema "huyu developa alibeba libc". Watasema Linux ni noma, na watarudi kwa Windows ya kuibwa iliyojaa wadudu.

Mwaka jana nilijenga ile programu yangu upya kwa njia niliyowaambia. MB 180 zikawa MB 9. Nikamtumia yule dada, na samahani juu. Alijibu baada ya siku mbili. Yeye hayuko Linux tena, alishanunua mashine nyingine. Lakini ile laptopu ya zamani alimwachia ndugu yake wa kidato cha tatu, bado iko na ile Mint, na kijana amejaribu.

"Amesema imefunguka," akaandika.

Hivyo tu. Sasa wewe, kabla hujachapisha toleo lako linalofuata, fungua ile folda uangalie. Ukikuta libc.so.6 imelala humo, itoe. Mimi nina yangu.